Imeonwa kwa Macho Mawili

Picha ya mwisho ya Kichuguu ilifika kituoni Magamba saa moja na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umeulalia msitu, na kufikia saa mbili Nakijwa Mbwambo alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake mara nne. Alikwenda dirishani, akarudi. Alimimina chai, akaisahau. Akaketi tena mbele ya kioo, akaitazama picha, akainuka.

Haikuwa picha ya kumtoa mtu jasho. Kipanga, setilaiti iliyokuwa ikiizunguka Mirihi kwa mwaka wa saba sasa, iliombwa ipige picha moja tu ya mahali ambapo meli Korongo ingetua baada ya siku sita ikiwa na watu mia mbili na kumi na wawili. Wakubwa walitaka kujua kama kuna dhoruba ya vumbi. Picha moja haina kina, ni sura bapa kama khanga iliyoanikwa kambani. Nakijwa alitakiwa kuandika maneno mawili, "anga shwari", na kuipeleka mbele.

Walipaita Kichuguu kwa sababu ndivyo palivyoonekana kwenye ramani: kilima kipana cha mwamba, kimo chake mita sitini, juu bapa. Upepo wa Mirihi hufagia vumbi vileleni na kulirundika mabondeni, kwa hiyo meli nzito hutafutiwa kilele. Ramani ile aliisaini yeye.

Sasa picha hii ilikuwa imepigwa jioni ya kule, jua likiwa magharibi. Kilima kikipigwa na jua la magharibi, ubavu wake wa magharibi hung'aa na wa mashariki huingia kivulini. Hilo linajulikana hata na mchunga mbuzi. Lakini hapa ubavu wa magharibi ndio uliokuwa mweusi, na wa mashariki uling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Alifumba jicho la kushoto. Picha haikubadilika hata kidogo. Akafumba la kulia, na kioo kizima kikageuka uji wa kijivu.

Mwezi wa kwanza, daktari wa macho kule Moshi alimwambia bila kuzunguka: "Ni presha ya macho, mama. Mshipa wa kushoto unakufa. Dawa itachelewesha, haitarudisha." Nakijwa alikunja cheti mara nne, akakitia mkobani chini ya kitambaa, akarudi kazini. Kipimo cha macho cha kituo kilikuwa kila Desemba, na Desemba iliyopita alifaulu. Alipanga Korongo ikishatua, astaafu kabla ya Desemba nyingine. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyekuwa akisoma ardhi ya Mirihi kama yeye. Aliona aibu kuondoka kwa ugonjwa kama gari bovu.

Tangu siku ile ya Moshi alikuwa amesaini ramani kumi na nne. Chini ya kila moja palichapwa mstari ule ule, uliowekwa na sheria baada ya mashine peke yake kuwahi kuangusha chombo kwenye genge la mwamba: *Ardhi hii imeonwa kwa macho mawili ya msomaji.* Halafu jina lake.

Akafungua kumbukumbu za safari za Kipanga. Alisoma upesi, kidole kikitembea juu ya kioo, mguu ukitikisika chini ya meza. Tarehe tisa Februari setilaiti iligeuzwa kichwa chini ili antena yake mbovu isipigwe na jua. Tarehe ishirini Aprili mtu wa mitambo aliandika mstari mmoja: "Mpangilio wa kushoto na kulia umerekebishwa." Baina ya tarehe hizo zilikuwa wiki kumi.

Nakijwa aliusoma mstari ule mara tatu, kisha akatoka kwenda kumtafuta Shekiondo.

*

Shekiondo alikuwa msomaji mwenzake, Msambaa mnene mwenye kikohozi cha baridi, ambaye mwaka ule wote alikuwa amepewa ramani za ncha ya kaskazini, za barafu. Alimkuta akimenya yai.

"Mpare na kesi yake asubuhi yote hii," Shekiondo alimtania alipomwona mlangoni. Halafu akauona uso wake, akaliweka yai chini. "Kuna nini, dada?"

"Njoo unitazamie jozi. Ya nne. Ya Kichuguu."

"Ulishaitazama wewe."

"Njoo."

Alimwekea zile picha mbili za mwezi wa pili, alizokuwa amezipokea kama jozi ya nne. Kipanga ilipopita mara ya kwanza ilipiga picha ya kwanza, na ilipopita tena, ikiwa imeegama kidogo, ikapiga ya pili. Ardhi ni ile ile, ila imeonekana kutoka sehemu mbili, kama jicho moja na jicho la pili yanavyoiona pua, kila moja kwa upande wake. Ukivaa miwani ya jozi, picha ya kushoto huingia jicho la kushoto, ya kulia huingia la kulia, na ubongo huziunganisha. Ndipo ardhi huinuka.

Shekiondo alivaa miwani, akategemeza viwiko mezani. Nakijwa alisimama nyuma yake akipotoa ncha ya mtandio.

"Kilima," alisema. "Kizuri tu. Kama ramani yako."

"Sasa nakubadilishia. Ya kushoto naiweka kulia."

Akabonyeza. Shekiondo alishtuka, akashika meza kwa mikono miwili kama mtu aliyevutiwa kiti.

"Kimezama. Ni bakuli."

"Niambie lipi la kweli."

"Macho hayawezi kukwambia, unajua hivyo. Ukigeuza picha, kilima kinakuwa shimo na shimo linakuwa kilima, na vyote vinapendeza." Aliinamia karibu zaidi. "Subiri. Vivuli. Kikiwa kilima, vivuli vimekaa kichawi. Kikiwa bakuli, vimekaa sawa." Akavua miwani, akageuka. "Nakijwa, hizi picha zimebadilishana mahali."

"Kwa wiki kumi. Kipanga iligeuzwa, mashine ikaendelea kuiita picha ya kwanza ya kushoto. Kwake kupanda na kushuka ni alama ya kujumlisha na ya kutoa. Haikuona ajabu."

"Mashine sawa. Wewe je?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa mshangao, kama mtu anayemwuliza fundi cherehani kwa nini ameshona mkono wa shati shingoni. "Ungeona kwa nukta moja. Wewe ndiye uliyenifundisha kuanza na vivuli."

Hapo ndipo Nakijwa alipofungua mkoba, akatoa kile cheti. Shekiondo alikisoma, akakikunja kufuata mikunjo yake ya zamani, akamrudishia.

"Tangu Januari?"

"Tangu Januari. Nilikuwa naona bapa. Nilikuwa nasoma ninachoambiwa na mashine, halafu natia saini. Nilijidanganya kwamba uzoefu unatosha."

Shekiondo akainuka, akafunga mlango.

"Sikiliza. Korongo ina hadi saa kumi jioni ya leo kugeuza njia. Ikipita hapo, inashuka Kichuguu itake isitake, kwenye vumbi laini kama unga wa muhogo, na haitaonekana tena. Sasa Byabato wa safari hatataka kugeuza. Ikihamia Sakafu, ule uwanja wa akiba, itachoma mafuta iliyoyabeba ya kuwarudisha nyumbani wale wafanyakazi thelathini na mmoja waliomaliza zamu yao huko Mirihi. Watakaa miezi ishirini na sita mingine. Unadhani atakubali hayo kwa neno la nani? Kwa neno la Nakijwa Mbwambo. Si kwa neno langu mimi wa barafu, ambaye sijawahi kuigusa ile nyanda. Ukiingia pale ukasema jicho lako limekufa, umelichoma neno lako mwenyewe, na watu mia mbili ndani yake."

"Kwa hiyo nikae kimya."

"Leo tu! Sema la shimo leo. La jicho utalisema wiki ijayo, meli ikishatua. Nitakwenda nawe mwenyewe kwa mkurugenzi."

Lilikuwa shauri la mtu mwema, na Nakijwa alilitamani. Alizunguka meza. Alifika dirishani, akakuta ukungu umeanza kupasuka, akarudi.

"Na njia ya Sakafu?" aliuliza.

"Njia gani?"

"Korongo ikihamia Sakafu, magari ya kwenda kuwapokea yataondoka kambini leo leo. Kilomita mia na themanini. Njia hiyo ni jozi ya tisa. Niliisaini mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano mashine ilikuwa imesharekebishwa."

"Labda. Lakini hakuna mtu aliyeitazama, Shekiondo. Unanielewa? Wote wanadhani niliitazama mimi. Mimi sikuitazama."

Shekiondo akaketi tena.

"Na ya sita," Nakijwa akaendelea, sauti yake ikishuka. "Ya sita ilikuwa ndani ya zile wiki kumi. Ni bonde alipoangukia Mbarouk."

Hakuna mtu kituoni ambaye hakulijua jina hilo. Mbarouk Faki, dereva kutoka Wete, mwezi wa nne aliliingiza gari kwenye mtaro wenye kina cha mita ishirini, na mtaalamu wa miamba aliyekuwa naye, Dakta Wande Masalu, akafa pale pale. Mbele ya kamati Mbarouk alirudia sentensi moja tu: "Nilikuwa napanda. Ramani ilisema napanda." Walimwona mtu anayetafuta kisingizio. Walimnyang'anya usukani, wakamweka jikoni, na jina lake likaandikwa la kwanza kwenye orodha ya watakaorudishwa nyumbani na Korongo.

"Alikuwa anapanda," alisema Nakijwa. "Kwenye ramani yangu, alikuwa anapanda."

*

Kikao kiliitwa saa sita. Waliketi watu tisa kwenye chumba kirefu cha juu, na kwenye ukuta saa nyekundu ilihesabu muda uliobaki kabla ya saa kumi. Mkurugenzi, Mama Ndimyake Mwasomola, alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyezoea kusikiliza akiwa amefumba macho. Injinia Byabato, mkuu wa safari, aliketi mkabala naye akiwa na karatasi za mafuta mbele yake, na kalamu yake ilikuwa haitulii.

Nakijwa alieleza habari ya Kipanga kugeuzwa, ya picha kubadilishana, ya bakuli lenye upana wa mita mia nane lililojaa vumbi. Alieleza vizuri. Sauti yake ilikuwa ile iliyowafundisha nusu ya watu wa chumba kile, na aliona kabisa jinsi walivyokuwa wakimwamini: mabega yakilegea, vichwa vikitikisika. Hata Byabato aliacha kalamu.

"Watu wa mitambo wanasema walirekebisha siku ile ile ya kugeuzwa," alisema Byabato. "Wanadai ule mstari wa Aprili uliandikwa tu kwa kuchelewa. Mimi sina macho ya kusoma jozi. Dada Nakijwa, unanihakikishia?"

"Nakuhakikishia."

"Basi." Akavuta pumzi, akaisukuma kompyuta kibao juu ya meza hadi mbele yake. "Nitawaambia watu thelathini na mmoja kwamba hawarudi nyumbani. Sitaki kuwaambia kwa maneno matupu. Saini hapa, iende pamoja na amri."

Ilikuwa ramani mpya ya Kichuguu, iliyogeuzwa tayari. Chini yake ulikuwepo ule mstari. *Imeonwa kwa macho mawili ya msomaji.*

Shekiondo, upande wa pili wa meza, alimtazama na kumfanyia ishara ndogo ya kichwa: saini. Saa nyekundu ilionyesha zimebaki saa tatu na dakika ishirini. Nakijwa alishika kalamu. Alifikiria watu mia mbili na kumi na wawili, ambao kwa saini hii wangekuwa wameokoka, kitu kingine kisingewahusu. Alifikiria madereva ambao amri ikitoka wangevaa mavazi yao kule Mirihi na kuitandaza jozi ya tisa. Alijaribu kujiambia kwamba wiki moja si kitu. Kisha akakumbuka kwamba Januari pia alijiambia hivyo, wiki moja, na Februari, na Machi. Kila wiki ilikuwa na sababu yake nzuri, na moja kati yake ilikuwa imemwua Wande Masalu.

Akaweka kalamu chini.

"Siwezi kusaini," alisema. "Ninayoyasema kuhusu shimo ni kweli. Lakini sina macho mawili. Jicho langu la kushoto limekufa tangu Januari. Nimesaini ramani kumi na nne bila kuziona. Ya sita ni ya Mbarouk. Ya tisa ni ya njia ya Sakafu, na msafara usiondoke kabla Shekiondo hajaisoma."

Mama Ndimyake alifumbua macho.

Kelele zilizofuata hakuzikumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka mtu akisema "kumi na nne!" kama anayehesabu maiti. Alikumbuka Shekiondo akiinamisha kichwa. Byabato alisubiri mpaka wakanyamaza, na aliposema alisema taratibu, jambo lililoumiza zaidi.

"Kwa hiyo mwezi wa pili uliniambia ni kilima, ukiwa na jicho moja. Leo unaniambia ni shimo, ukiwa na jicho lile lile moja. Dada yangu, nikuamini wewe yupi?"

"Mimi nimeitazama kwa mawili," Shekiondo alidakia. "Ni shimo."

"Tumeelezwa hapa hapa kwamba macho hayaamui. Ukigeuza picha ni hivi, ukirudisha ni vile."

"Kuna vivuli!"

"Ule weusi nimeuona. Mirihi imejaa mchanga mweusi. Nani ananiambia hicho ni kivuli wala si mchanga? Msomaji mwenye macho ya kutosha angeniambia. Ninaye?" Akaichukua kalamu yake tena. "Mimi sigeuzi meli kwa kukisia. Tutashuka Kichuguu."

Nakijwa alikuwa amesimama tayari, hakujua tangu saa ngapi. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikaliangukia bakuli la sukari lililokuwa kwenye sinia la chai. Alimimina sukari yote juu ya sinia.

"Nipe simu yako, Injinia. Iwashe tochi."

"Muda huu…"

"Mpe," alisema Mama Ndimyake.

Nakijwa aliliweka bakuli tupu mbele ya Byabato na kuinamisha tochi upande mmoja, chini, kama jua linalochomoza. "Hii ni asubuhi. Jua liko mashariki. Niambie ndani ya bakuli giza liko wapi."

Byabato alitazama. "Huku. Upande wa tochi."

"Ukingo ulio karibu na jua unaikinga nuru, giza linabaki chini yake. Sasa jioni." Akaihamisha tochi upande wa pili. "Na sasa?"

"Limehama. Limefuata tochi."

Akaligeuza bakuli kifudifudi. "Hiki sasa ni kilima. Jua mashariki." Akamulika. Mgongo wa bakuli uling'aa upande wa tochi, na giza likakimbilia upande wa pili. Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Sasa tazama ukutani," Nakijwa alisema. "Picha moja moja, msivae miwani. Fumbeni jicho moja kama mimi. Ya Februari ilipigwa asubuhi ya kule. Ya leo imepigwa jioni."

Zikawekwa ubavu kwa ubavu. Kwenye ya Februari weusi ulikuwa mashariki. Kwenye ya leo ulikuwa magharibi. Asubuhi na jioni, giza lilikuwa limekaa upande wa jua.

"Mchanga mweusi hauhami kutoka ukingo huu kwenda ule," alisema Nakijwa. "Na kilimani giza hulikimbia jua, halilifuati. Usiniamini mimi, Injinia. Sina haki tena ya kuaminiwa. Tazama mwenyewe."

Byabato aliinuka, akaukaribia ukuta. Alifumba jicho la kushoto. Akafumba la kulia. Alilirudia bakuli mezani, akalimulika mwenyewe, huku na huku, midomo yake ikisema kitu kisichosikika. Saa saba kasoro dakika sita, alirudi kwenye kiti, akayageuza makaratasi ya mafuta, akaanza kuandika upya.

"Tunahamia Sakafu," alisema bila kuinua uso. "Na huyu mama atoke kwenye chumba changu."

*

Korongo ilitua Sakafu siku ya Jumapili bila hata mtu mmoja kuteguka mguu. Tangi lake tupu, ambalo lingeangushwa popote, Byabato aliamuru liangushwe Kichuguu. Kipanga ilipita saa mbili baadaye. Pale lilipoangukia palikuwa pamesawazika, pana mawimbi madogo ya vumbi kama maziwa yaliyotikiswa, na tangi lenye urefu wa nyumba ya ghorofa tatu halikuonekana.

Nakijwa aliyasikia hayo akiwa kwao Usangi, kwa dada yake. Alikuwa ameondolewa kazini siku ile ile, na kitambulisho chake kilichukuliwa getini. Shekiondo alimpigia kila siku, na siku ya nne alikuwa amemaliza kuzisoma upya zote kumi na nne. Kumi zilikuwa sawa. Tatu, zote za zile wiki kumi, zilikuwa zimegeuka, ya Kichuguu na ya Mbarouk zikiwemo. Moja alikuwa bado anaishuku.

"Na ya tisa?" Nakijwa alimwuliza.

Shekiondo alikohoa. "Ya tisa ilikuwa safi, dada. Hata jiwe moja halikukosewa. Wangepita salama hata nisingeisoma."

Alikaa na neno hilo siku nzima. Hakupata pa kuliweka. Alifagia ua uliokwishafagiliwa, akapanda mlima hadi kwenye migomba ya juu na kushuka, mpaka dada yake akamwambia aketi, anamtia kizunguzungu. Barua zilikuwa zinaingia kwenye simu, nyingine kutoka kwa jamaa za wale thelathini na mmoja. Mmoja alimwita mwuaji. Mmoja, mke wa fundi umeme, aliandika tu umri wa mtoto wake na umri atakaokuwa nao baada ya miezi ishirini na sita. Nakijwa alizijibu zote kwa zamu, bila kujitetea, na hakuna iliyompa usingizi.

Jumatano asubuhi, akiwa anapepeta maharage barazani, uliingia ujumbe wa sauti kutoka Mirihi. Aliuweka ungo chini.

Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya Kipemba, ya taratibu.

"Bi Nakijwa, asalaam aleikum. Ni Mbarouk Faki. Kamati wameniita jana, wamenisomea barua. Nimerudishiwa usukani. Mama yangu Wete ameshaambiwa, amelia, kisha akauliza nitarudi lini, ikabidi nimwambie. Kwa hiyo sijui nikushukuru au nikulaani. Vyote viwili nimejaribu, havitoki." Kulikuwa na mvumo wa mashine nyuma yake, na mtu akicheka mbali. "Miezi mitatu nimekuwa nikikata vitunguu na kujiuliza kama kweli nilikuwa napanda. Nilifika mahali nikaamini nimeota. Wande alikuwa ananisimulia habari za nyumbani kwao Magu, akanyamaza, akasema, mbona mbele hakuna kitu. Nikamwambia ramani inasema kuna mwinuko. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia duniani, ama huku tuliko."

Ukabaki mvumo wa mashine tu. Nakijwa alidhani ujumbe umekwisha.

"Barua yao imesema 'kasoro ya usomaji'. Mimi sijui kasoro ya usomaji ni kitu gani. Nataka unijibu wewe kwa kinywa chako, halafu sitakusumbua tena. Siku ile ulipoweka jina lako, njia yangu uliitazama, ama hukuitazama?"

Nakijwa alibonyeza kitufe cha kujibu. Alianza na salamu, akafuta. Alianza na habari ya jicho, ya daktari wa Moshi, ya mshipa, akajisikia anavyolisogeza lile swali pembeni polepole, akafuta. Dada yake alichungulia mlangoni, akaona, akarudi ndani.

Akabonyeza tena, akaiweka simu karibu na mdomo.

"Sikuitazama, Mbarouk," alisema.

Akautuma. Neno lile lingechukua dakika kumi na nne kufika, na kumi na nne nyingine kurudi, kama lingerudi. Nakijwa hakuuchukua ungo. Alisimama pale barazani, simu mkononi, akingoja.